Karo linajaa kila masika: gari la kunyonya limekuja mara tatu mwezi huu. Nichimbe shimo jingine?

#1 Mpangaji Mstaafu (Aprili 2024)

Wakuu, habari za jioni. Nitaandika kirefu, mnivumilie. Hili jambo limeninyima usingizi na limenila hela.

Nimejenga Tegeta, upande wa bondeni. Tumehamia 2017. Nyumbani tupo saba: mimi, mama watoto, watoto wanne na dada wa kazi. Vyoo viwili vya kuvuta maji, bafu na sinki la jikoni, vyote vinaingia karo moja, na karo linamwagia shimo la kunyonya, lile mafundi wanaliita sokawei. Kiangazi chote raha mustarehe. Masika ikifungua tu, balaa. Ukivuta maji ya choo yanapanda kwanza, yanazunguka, yanatafakari, ndipo yanashuka. Bafuni yanarudi na viputo. Wiki ya pili ya mvua chemba ya jikoni inafurika mpaka mlangoni.

Aprili hii gari limekuja mara tatu, elfu tisini kila tripu. La mwisho limekuja Jumanne, Alhamisi karo limejaa. Watu saba! Hata tungeshinda tunakula mahindi ya kuchemsha, hatuwezi kujaza karo kwa siku mbili.

Fundi aliyenijengea anasema tuongeze shimo, tuchimbe futi 15 "mpaka tukute mchanga unaokunywa". Jirani wa juu mvua ikikolea anazibua bomba lake na kutapisha barabarani, na kwa roho nyeupe kabisa ananishauri nifanye vivyo hivyo. Mama watoto kasikia sehemu kwamba dawa ni hamira.

Nichimbe, nitapishe, au nitie hamira?

#2 Ngosha wa Mjini

Naweka kambi hapa. Mhanga mwenzako, Mbezi.

#3 kibatari

Hamira tia pakiti mbili na sukari kidogo, ukifunika vizuri asubuhi unakuta maandazi.

#4 Fundi Chemba

Mpangaji, usichimbe kwanza. Nijibu haya maswali, na usinijibu kwa kukisia, nenda kaangalie.

Karo lako lina urefu, upana na kina gani, na je, chini limesakafiwa au fundi aliacha udongo? Maji ya bati yanaelekea wapi mvua ikinyesha? Shimo la kunyonya lina kina gani? Kuna kisima cha kuchimba karibu, na kipindi hiki maji yake yako futi ngapi kutoka juu? La mwisho, muulize dereva wa gari: alichonyonya Jumanne kilikuwa kizito au chepesi?

Fundi anayekwambia chimba kabla hajauliza hata moja kati ya hayo, anauza kazi ya sururu.

#5 Mpangaji Mstaafu

Mkuu nimeshika tochi na futi nimezunguka. Karo: mita 2.4 kwa 1.2, maji yanasimama kina cha mita 1.5 hivi. Chini halijasakafiwa. Fundi alisema tuache wazi "ili linyonye lenyewe tusijaze haraka". Nilimwona ana akili.

Shimo la kunyonya futi 10. Kisima cha jirani wa kushoto leo maji yako futi nne tu, naweza kuchota kwa kuinama. Yeye anasema Oktoba huwa yanashuka mpaka futi 11.

Maji ya bati... hapa nimejionea aibu mwenyewe. Mfereji wa nyuma unashuka kwenye bomba, na bomba linaingia kwenye chemba ya jikoni. Kumbe miaka yote hiyo!

#6 Dereva wa Majitaka

Nimeona nimetajwa. Mimi naendesha gari la kunyonya, namwaga mabwawa ya Vingunguti. Sisi mwezi wa nne na wa tano ndiyo sikukuu yetu, simu haipumziki.

Nakwambia ukweli ingawa ndipo ninapokula. Karo lililojaa tope linajulikana, mpira unakohoa, tunapiga maji kulainisha, tunachokonoa na mti. Karo la masika mpira unanyonya kama mtoto na juisi, dakika kumi nimemaliza. Mengi ninayobeba kipindi hiki ni maji ya mvua yaliyopita chooni kusalimia. Mteja analipa, kesho ananiita tena, ananiambia gari langu dogo.

#7 Fundi Chemba

Dereva kamaliza nusu ya kazi. Sasa tupige hesabu, maana hesabu ndiyo inayotoa uchawi kwenye mambo ya choo.

Karo lako linabeba mita za ujazo 4.3, yaani lita 4,300 na ushei. Kinachobaki chini kikawa tope ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya ujenzi wa vyoo hukadiria lita 40 kwa mtu kwa mwaka pale ambapo maji ya choo na ya kuoga yanaingia pamoja, na lita 25 pale yanapoingia ya choo peke yake. Kwenu watu saba ni lita 280 kwa mwaka. Karo hunyonywa tope likifika theluthi moja ya kina, kwako kama lita 1,400. Gawanya: ni miaka mitano. Nasi joto letu linatusaidia, kwani wadudu wanaokula uchafu hawalali mwaka mzima, si kama nchi za baridi ambako wakati wa theluji wanasinzia.

Sasa angalia upande wa pili. Bati lako, tuseme mita za mraba 150, nusu yake ndiyo inayomwaga nyuma. Mvua ya milimita 50, ambayo masika Dar inashuka kwa siku moja bila kumshangaza mtu, inakupa lita 3,750 kwenye ile chemba. Siku moja hiyo, karo karibu zima, na hakuna aliyeenda chooni.

Hapo bado ya chini. Shimo lako lina futi 10 na maji ya ardhini yako futi nne. Kwa hiyo futi sita za shimo zimezama kwenye maji. Halinyonyi, linanyweshwa na ardhi. Ukichimba futi 15 utakuwa umezama futi 11. Kiangazi utamsifu fundi, masika utanirudia. Na karo lisilo na sakafu nalo ni kisima tu chenye mfuniko: gari likitoa, ardhi inarudisha.

Karo lenyewe halisafishi maji. Linatenga tu: mazito yazame, mafuta yaelee, ya katikati yatoke. Kinachosafisha ni udongo MKAVU ulio chini ya pale maji yanapotokea, wenye hewa. Udongo uliozama hausafishi kitu, unasafirisha. Kisima cha jirani wa kushoto kiko umbali gani?

#8 Mpangaji Mstaafu

Hatua kumi na moja.

#9 MamaWawili

Naomba niingie hapo kwenye hatua kumi na moja. Mimi ni muuguzi, sina utaalamu wa mabomba. Wanakinywa hicho kisima, baba?

#10 Mpangaji Mstaafu

Wanasema kufulia na kuoshea vyombo. Lakini watoto ni watoto.

#11 MamaWawili

Kuoshea vyombo ni kunywa. Kikombe kilichosuuzwa na maji hayo kinaenda mdomoni. Kwa kawaida tunawaambia watu mita 15 iwe ndiyo kima cha chini kabisa kati ya shimo na kisima, na 30 ndiyo inayotuliza moyo, lakini hata hizo ni kwa udongo mkavu. Maji yakiwa futi nne, umbali hauna maana sana. Kipindupindu kilipoingia Dar Agosti 2015 tulikesha. Nenda kwa jirani leo hii, umwambie wachemshe au watie dawa ya klorini, usingoje mpaka ujenge. Utaona haya kidogo, basi.

Na huyo anayetapisha barabarani, mtaje kwa afisa afya wa kata. Watoto wa shule wanapita humo na ndala.

#12 kibatari

Akimtaja jirani mtaa mzima utamwita mbeya. Bongo hii.

#13 MamaWawili

Aitwe.

#14 Mjomba Kigamboni

Niongezee kisa changu mpate kujifunza bure. Mimi nilijiona mjanja, nikanunua tenki la plastiki la lita 5,000 nikalifukia, hakuna tofali hakuna nini. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 maji yakapanda, choo kikawa kizito. Nikaita gari, likanyonya likakausha mpaka likang'aa. Usiku nasikia kitu kama mtu anavunja ukuta. Asubuhi tenki limechomoza juu ya ardhi kama kiboko, mabomba yote yamekatika.

Kumbe tenki tupu likizungukwa na maji linakuwa boti. Kila mita ya ujazo ya hewa inasukumwa juu na uzito wa karibu tani moja. Mwenye plastiki asinyonye lote masika, na kiangazi akinyonya alijaze maji safi mara moja. Na juu limwagiwe zege la kulishikilia. Mimi sasa nina bembea ya watoto iliyonigharimu milioni.

#15 Ngosha wa Mjini

"Bembea ya watoto." Nimecheka mpaka mke kaniuliza nasoma nini.

#16 Fundi Chemba

Mjomba Kigamboni pole, ila kisa chako nitakitumia kwa wateja.

Mpangaji, kabla hatujavunja kitu nataka ufanye jaribio, ili usiamini maneno yangu matupu. Ondoa lile bomba la bati kwenye chemba, lielekeze mtaroni. Ita gari mara moja ya mwisho, Jumamosi jioni. Likimaliza, tia fimbo ndefu kupitia tundu la ukaguzi, weka alama ya kisu maji yalipo. Usiingize kichwa, usiwashe kiberiti. Halafu familia yote ihame mpaka Jumapili jioni, hakuna kuvuta choo wala kunawa mikono. Pima tena.

#17 Mpangaji Mstaafu

Jamani. Tulikwenda kwa bibi Kibaha, tumerudi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Mvua haikunyesha kabisa tangu Jumamosi. Fimbo imelowa sentimita 46 juu ya alama. Nyumba ilikuwa tupu na kofuli mlangoni.

Yaani nimekuwa nikilipa elfu tisini kunyonya ardhi ya Tegeta.

#18 Dereva wa Majitaka

Karibu tena.

#19 Shamte wa Unguja

Assalaam aleikum wana uzi. Kwetu Unguja mambo ni mengine kidogo, sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe. Watu hufurahi shimo halijai miaka ishirini, huku maji machafu yamepenya kwenye nyufa za jiwe yakaingia kisimani bila kuchujwa na udongo wowote. Shimo lisilojaa nalo lina maneno yake.

La pili ni mbu. Karo na shimo lenye maji machafu ndiyo nyumba ya wale mbu wa usiku, na hao pwani yetu ndio wanaoeneza matende na mabusha. Wazee wa Makunduchi watakumbuka, miaka ya themanini mwishoni walikuja wataalamu wakamwaga chembechembe nyeupe za plastiki, zile nyepesi za maboksi ya televisheni, zikaelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Mbu hapati pa kutagia, na funza wake hapati pa kuvutia pumzi. Pamoja na dawa waliyogawiwa watu, mbu walipungua sana na ugonjwa nao. Kwenye karo lenye bomba la kutokea haifai, chembe zitasombwa zikazibe shimo. Kwako wewe bomba la hewa livae wavu mzuri, na kila mfuniko ukae bila mwanya. Wavu mkongwe wa madirisha hutoboka, weka wa plastiki ngumu au wa chuma kisichoshika kutu.

#20 Mhaya wa Kashai

Bukoba sisi mvua ni karibu mwaka mzima, ukisubiri kiangazi utasubiri sana. Mzee wangu alipanda migomba juu ya eneo la kunyonyea, inakunywa maji hatari. Mkungu mmoja unabebwa na watu wawili. Hatuli mbichi chochote cha chini ya udongo hapo, lakini ndizi ziko juu, hazina neno. Usije ukapanda mti wa kivuli wenye mizizi ya kutembea, hata ule mti wa pwani unaoitwa mkungu. Mizizi inafuata bomba kama mbwa anafuata mfupa.

#21 mzee_wa_unga

Mbona hamzungumzii ile dawa ya unga wa bakteria? Mimi natumia kila mwezi kijiko kimoja, karo langu mwaka wa sita halijanyonywa.

#22 Fundi Chemba

Mzee wangu shikamoo. Kwa hesabu ya juu karo la watu wachache likiwa zuri linaweza kukaa miaka sita bila unga wowote. Bakteria wanashuka bure kila mtu anapokwenda chooni, na joto letu ni lao. Unga hauli maji ya mvua. Sijasema utupe, ila hiyo pesa nunua mfuniko.

Hamira vilevile. Mafuta ya taa na asidi ya betri vinaua hao wadudu tunaowategemea na vinaingia ardhini. Jiki kidogo ya kusafishia sinki haidhuru, kinachodhuru ni galoni zima kwa siku moja. Na kinachoziba kweli nyumba za siku hizi ni pampasi, taulo za kike, na mafuta ya kukaangia chipsi. Yale mafuta yakipoa yanakuwa nta. Jikoni jenga kachemba ka kutegea mafuta, kila baada ya wiki mbili unakachota kwa kopo.

#23 mzee_wa_unga

Marahaba. Nitaendelea na unga wangu.

#24 Mpangaji Mstaafu

Sawa wakuu, nimeelewa tatizo. Sasa nifanye nini? Kiwanja changu ni mita 20 kwa 25 na chini ni maji.

#25 Fundi Chemba

Masika hii vumilia tu. Bati umeshatoa, hilo peke yake utaliona. Inua mifuniko ya chemba ipande sentimita 15 juu ya ardhi, maji ya uani yasiingie. Nguo mfue na kumwaga mbali na chemba.

Ikifika Septemba, jenga karo jipya, lililosakafiwa kwa zege na kupigwa lipu ya kuzuia maji ndani, vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili. Mabomba ya kuingia na kutoka yavae tii inayozama (kipande cha bomba chenye umbo la herufi T), ili mafuta yasitoke na mkondo usichafue tope. Vipimo vile vile vya zamani vinakutosha.

Shimo refu achana nalo. Unataka kwenda MAPANA, si chini. Watu saba kwa lita 100 ni lita 700 kwa siku. Mchanga wenye udongo kidogo kama wa kwenu humeza takriban lita 30 kwa mita ya mraba kwa siku ukihesabu kuta za mfereji. Kwa hiyo unahitaji mita za mraba 24 hivi. Mifereji miwili ya mita 10, yenye kokoto kina cha sentimita 60, kuta mbili kila mmoja: umefika. Juu ya kokoto laza bomba lenye matundu, funika na kitambaa cha kuchujia, kisha udongo.

Ila kwa maji ya futi nne, huo mfereji hauwezi kuwa chini ya ardhi. Lazima mwage mchanga muinue tuta, mifereji ikae ndani ya tuta. Na kwa kuwa karo liko chini kuliko tuta, maji hayatapanda kwa dua. Chemba ya mwisho weka pampu ndogo ya maji machafu yenye boya. Umeme ukikatika, chemba iwe na nafasi ya kushika ya siku moja.

#26 MamaWawili

Naomba mafundi msome hili. Karo la zamani mtu ASIINGIE, hata likiwa limenyonywa, hata limekaa wazi siku nzima. Hewa ya mle inanuka yai bovu mwanzoni, ikizidi pua inakufa ganzi husikii chochote, unadhani imeisha. Anaanguka wa kwanza, wa pili anashuka kumwokoa, naye hapandi. Nimewahi kupokea wawili wa nyumba moja. Mtu akianguka shimoni, vuta kwa kamba ukiwa juu au piga kelele watu wa zimamoto waje. Usishuke.

#27 Fundi Chemba

Ndiyo maana nimesema jipya, sikusema kusakafia la zamani. La zamani linyonywe, litiwe chokaa, lijazwe mchanga kutokea juu.

#28 Mpangaji Mstaafu (Oktoba 2024)

Mrejesho. Karo jipya tayari. Fundi wangu wa zamani nilimwita naye, alisimama kwenye tuta amekunja mikono akauliza hii ni kaburi la nani. Tuta limekula lori tano za mchanga. Pampu naiona kwenye LUKU, si sana. Juu ya tuta nimepanda nyasi na migomba sita, shukrani kwa Mhaya.

Shimo la zamani nalo nimelifukia. Jirani wa kushoto nimemsaidia kuvuta bomba la mtaa, kisima anamwagilia maua.

#29 Ngosha wa Mjini

Gharama mkuu, usijifanye umesahau.

#30 Mpangaji Mstaafu

Sijasahau, nimekataa kukumbuka. Chukua tripu zangu za gari za miaka saba, jumlisha, ongeza kidogo.

#31 Mpangaji Mstaafu (Aprili 2025)

Wakuu, naufufua uzi. Mvua imepiga siku tatu mfululizo. Maji ya choo yanashuka yakiwa na adabu. Bafuni kimya. Tuta lilionyesha unyevu pembeni upande mmoja siku ya pili, Fundi Chemba kaja kuangalia kasema mfereji huo unapokea zaidi ya mwenzake, akasawazisha kwenye kichemba cha kugawia. Pampu ilinyamaza usiku mmoja umeme ulipokatika, tukaambizana kila mtu aoge kwa ndoo moja, asubuhi ukarudi.

Nimepima tope kwa fimbo iliyofungwa taulo jeupe, kama mlivyonifundisha kule inbox: sentimita 6. Nimeandika tarehe kwenye ukuta wa stoo.

#32 Dereva wa Majitaka

Nimepita Tegeta jana, nikapunguza mwendo mbele ya geti lako. Hujanipungia hata mkono.

#33 Mpangaji Mstaafu

Nilikuona. Ulikuwa unaelekea kwa jirani wa juu, afisa afya alishampitia. Jioni jirani huyo alikuja kuazima fimbo yangu. Nimemwambia miti iko bondeni, akakate yake.